Faili GB 12, RAM GB 8: usilimeze zima

Kinachoua mashine za wengi ni hiki, mtu anaandika read_csv ya pandas (maktaba ya Python ya kuchambua data) anapakia faili lote alafu anakaa kusubiri, mausi inaganda, mwisho programu inauliwa na hata haisemi kwa nini. Na GB 12 za diski hazibaki 12 zikiingia kwenye pandas, maandishi hasa yanavimba sana.

Anza kwa kupima. Soma mistari laki moja tu, nrows=100000, alafu piga df.memory_usage(deep=True), df ni hilo jedwali ulilosoma. Hiyo deep=True usiisahau jamani, bila hiyo kolamu za maandishi za aina ya object zinahesabiwa anwani zake tu, maneno yenyewe hayahesabiwi, unaona namba ndogo unafurahi bure.

Ukishajua kolamu gani ndo walafi, chukua unazohitaji tu kwa usecols, na taja aina mwenyewe. Namba kamili kawaida inakuja int64, baiti 8 kila moja, wakati kolamu ya alama 0 mpaka 100 inatoshwa na int8, baiti 1. Neno linalojirudia mamilioni ya mara liweke category (neno linatunzwa mara moja, mistari inabaki na namba yake tu), hapo memori inashuka mpaka unashangaa.

Sasa weka chunksize=500000 usome kipande kipande, kila kipande unafanya hesabu, unabaki na jibu, kipande unakiachia. Wengi wanaharibu hapa, wanarundika vipande vyote kwenye list wanaviunganisha mwishoni, si ni faili zima lilelile limerudi kwa mlango wa nyuma? Ukitaka wastani beba jumla na idadi, usichukue wastani wa wastani maana kipande cha mwisho mara nyingi ni kifupi na jibu linapinda.

Kashe nayo, yaani kutunza majibu ya hesabu ili usizirudie, ina adabu yake. lru_cache ya Python yenyewe inatunza majibu 128, ukiandika maxsize=None inakua tu bila breki na hiyo ndo memori inayovuja usiku kucha unatafuta mchawi. Weka kikomo, alafu angalia cache_info(), kama hits (jibu limekutwa kwenye kashe) ni chache na misses (halikukutwa) zimejaa basi kashe itoe, hakuna kinachojirudia hapo.

Na kama faili utalirudia kesho na keshokutwa, ligeuze Parquet (aina ya faili inayotunza data kolamu kwa kolamu) mara moja, kipande kwa kipande vilevile, baadae unasoma kolamu mbili tu bila kugusa zingine.

Kwenye Linux ukipiga free -h, amri ya kuonyesha hali ya RAM, ukaona free imebaki kidogo usishtuke, angalia available, maana mfumo unatumia RAM iliyokaa bure kutunza mafaili uliyosoma na unaiachia ikihitajika. Ndo maana kusoma mara ya pili kunakuwa haraka, kwahiyo ukipima spidi usijisifie msimbo (code) mpya kabla hujarudia na ile ya zamani pia.