Jinsi ya kuomba kamera ya HiRISE ipige picha mahali unapotaka kwenye Mirihi

Tangu 2006 chombo cha NASA kiitwacho Mars Reconnaissance Orbiter kimekuwa kikiizunguka Mirihi, kikiwa na kamera ya HiRISE. Mtu yeyote anaweza kuiombea mahali pa kupiga, hata akiwa ameketi saiba (duka la intaneti) ya Tom Mboya Street, Nairobi. Ombi hupitia ukurasa wa HiWish, uliofunguliwa 2010 na kundi la kamera hiyo katika Chuo Kikuu cha Arizona. Hulipi chochote.

Kabla ya kugusa fomu, chagua mahali. Hapa ndipo sisi wa Nairobi tumebahatika, kwa kuwa Magadi haiko mbali. Ukikanyaga ganda la chumvi pale ziwani, linavunjika chini ya kiatu na tope linachungulia. Maji yameenda na jua, chumvi imebaki kuyatolea ushahidi. Mwaka 2008 watafiti walitangaza kwamba Mars Odyssey, chombo kingine cha NASA, imeona chumvi za kloridi (jamii ya chumvi ya mezani) katika maeneo yapatayo 200 ya Mirihi, hasa nyanda za juu za kusini. Ningeanzia huko.

Jisajili kwa baruapepe na nywila, kisha fungua ramani. Angalia kwanza picha zilizokwisha kupigwa na maombi ya wengine, usirudie. Weka mstatili wako kwa uangalifu: picha moja ina upana wa kilomita 6 hivi tu, ila jiwe la ukubwa wa meza linaonekana. Ipe kichwa, na uchague mada ya kisayansi inayolingana nayo.

Sasa sababu, na hapa usiharakishe. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika: “Mahali hapa panapendeza, huenda palikuwa na maji.” Nikamwambia afute. Tulikaa jioni nzima mpaka akapata hili: “Je, chumvi hii imelala juu ya udongo wa mfinyanzi au chini yake? Nyufa zake zinaonyesha ziwa lilikauka mara moja, au lilijaa tena?” Hilo ni swali ambalo picha inaweza kulijibu. Fomu ni ya Kiingereza, lakini fikiria swali kwa lugha unayoimudu, ndipo utafsiri.

Ukishatuma, wanasayansi hupima uzito wa ombi na kulipanga kwenye foleni pamoja na maelfu mengine. Chombo lazima kipite juu ya mahali hapo hali ikiwa nzuri, kwa hiyo inaweza kuchukua miezi au miaka. Mwanafunzi wangu hufungua akaunti yake kila mwisho wa mwezi.