Somo: Kupanga Siku Mbele za Mungu

Wengi wetu huomba asubuhi, kisha hupanga siku, na mambo hayo mawili hayakutani popote. Sala ikishafungwa kwa Amina, mtu huchukua simu, hutazama nani kamtafuta, na tangu hapo siku inaendeshwa na yeyote aliyewahi kumpigia.

Msingi wa somo hili ni Marko 1:35-38. Jioni iliyotangulia, mji mzima wa Kapernaumu ulikuwa umekusanyika mlangoni ukiwaleta wagonjwa. Alfajiri Bwana Yesu akaondoka, akaenda kuomba peke yake. Simoni na wenzake walipomfuata na kumwambia kwamba watu wote wanamtafuta, aliwajibu kwamba waende katika vijiji vya jirani akahubiri huko nako, kwa kuwa hilo ndilo lililomtoa. Waliokuwa wakimtafuta walikuwa na haja ya kweli, lakini alitoka katika sala akijua lipi ni lake siku ile. Naamini hicho ndicho kipimo cha sala inayogusa ratiba: humpa mtu nguvu ya kuliacha hata jambo jema ambalo leo hakupewa yeye.

Hatua ya kwanza: omba kabla ya kushika simu na kabla ya kuandika chochote. Hapa visiwani Zanzibar adhana ya alfajiri husikika kila mtaa, na jirani zetu Waislamu huamka kwa ajili ya sala. Nasi tukiisikia tunaweza kuamka wakati huohuo. Kwa anayeanza, robo saa inatosha. Soma Zaburi moja, nyamaza kidogo, kisha omba kama Zaburi ya 90 inavyoomba, kwamba Mungu akufundishe kuzihesabu siku zako.

Hatua ya pili: andika katika daftari yote yanayokungoja, makubwa na madogo, bila kuyachagua.

Hatua ya tatu: ipitie orodha hiyo mbele za Mungu, jambo kwa jambo, bila haraka, kwa sababu hapa ndipo mpango unapogeuka kuwa sala. Kwa kila jambo uliza: je, hili nimepewa mimi, au yuko mwingine anayeweza kulifanya? Nikiliacha leo, nani ataumia? Kisha weka alama kwenye yale machache ambayo hayawezi kungoja. Mimi sioni faida ya orodha inayomwandika Mungu nambari moja, familia nambari mbili na kazi nambari tatu, kana kwamba Mungu akishapewa saa yake hana neno tena na saa zilizobaki. Kuutafuta kwanza ufalme wake, kama ilivyo katika Mathayo 6:33, kunaingia katika kila mstari wa daftari: namna unavyomtendea mteja sokoni Darajani, uaminifu wako katika kazi unayolipwa mshahara, ahadi uliyompa mtoto wa skuli kwamba utamsikiliza akisoma.

Mambo ya kanisani nayo yapimwe vivyo hivyo. Mtu anaweza kuwamo katika kwaya, kamati ya ujenzi na kamati za harusi tatu, wote wakamsifu, na nyumbani kwake wasimwone ila usiku. Nalisema hili kwa uchungu, maana ni rahisi kudhani kwamba kila kazi ya kanisa ni wito wetu.

Katika orodha hiyo, itengee nafasi ya kila siku kazi ya muda mrefu, ile ambayo hakuna anayekuja kukugongea mlango kwa ajili yake. Jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, hapa mjini Zanzibar, liliwekwa Krismasi ya mwaka 1873, mwaka uleule soko la watumwa la mahali hapo lilipofungwa, na mmisionari Mwingereza Edward Steere, aliyefanywa askofu mwaka uliofuata, alisimamia ujenzi huo huku akiendelea kuyatafsiri Maandiko kwa Kiswahili, kazi aliyokuwa nayo hadi alipofariki mwaka 1882. Kazi za namna hiyo hazikamiliki kwa dakika zilizosalia baada ya mengine kwisha.

Hatua ya nne: panga kwa hesabu. Katika Nehemia 2, mfalme alipomuuliza Nehemia haja yake, kwanza aliomba, halafu akataja muda atakaotumia, barua za kupitia kwa maliwali na miti ya kujengea. Nawe andika saa, nauli ya boti, na fedha iliyopo mkononi. Acha pia nafasi tupu, kwa kuwa upepo unaweza kuizuia boti na mgonjwa anaweza kuletwa bila taarifa; Yakobo 4:15 hutufundisha kusema, Bwana akipenda.

Hatua ya tano: jioni lifungue tena daftari, ushukuru kwa yaliyofanyika, utubu ulipokosea, na yaliyobaki uyakabidhi.

Maswali ya wanakikundi

Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu. Mimi nafanya kazi hotelini Kiwengwa, shifti hubadilika kila wiki na Jumapili sipati. Nifanyeje?

Milele amina, kaka. Ratiba ya shifti ikitoka tu, iombee na uandike ndani yake saa yako ya sala, hata ikiwa ni saa nane mchana. Muulize padri wako kuhusu Misa za siku za kazi, na mwombe msimamizi, kwa heshima na mapema, angalau Jumapili moja kwa mwezi. Ukimwendea Jumamosi usiku, unamweka katika dhiki.

Mwalimu, mimi nalima mwani Jambiani. Bamvua likifika, maji yakijaa na kupwa sana, sina ratiba wala daftari, maji hayaningoji. Je, somo hili linanihusu?

Linakuhusu sana, mama. Wewe usipange kwa wiki, panga kwa maji. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, na saa ya maji kupwa husogea mbele kwa kadiri ya dakika 50 kila siku, kwa hiyo unaweza kujua mapema siku zipi ni za baharini. Siku hizo sala iwe fupi, nyingine uiseme ukiwa unafunga kamba. Sala ndefu, wagonjwa na vikao uviweke siku za maji mafu, yasiyopwa sana.

Nipo Weti, Pemba. Mwezi wa Ramadhani jirani hunialika futari, na wakati huo ndio niliojipangia sala ya jioni. Nikatae?

Usikatae, dada. Nenda ukafuturu nao, na sala yako ihamishie baada ya kurudi, ukianza kwa kumwombea jirani huyo na nyumba yake.