Igonge tripodi kabla ya kuinunua

Urefu unaoandikwa kwenye boksi la tripodi ya safari (stendi ya kamera yenye miguu mitatu) mara nyingi hujumlisha nguzo ya katikati ikiwa imepandishwa hadi mwisho, na hapo ndipo tripodi nyepesi hutikisika zaidi. Kwa hiyo fungua miguu yote, nguzo ibaki chini, funga kamera na lenzi yako nzito kuliko zote, kuza picha kwenye skrini mara 10, kisha gonga mguu mmoja kwa kidole. Hesabu sekunde hadi picha itulie. Mimi zikizidi 2 naiacha, hata kama inaingia mfukoni. Zima kwanza kitulizaji cha lenzi, la sivyo kitauficha mtikisiko. Kwenye sakafu ya mbao jaribio hili halifai, maana sakafu yenyewe inacheza.