Kutohoa Kitabu Kuwa Filamu: Wapi pa Kushika, Wapi pa Kuachia

Mwongozo huu nimemwandikia mtu ambaye tayari ana kitabu mkononi na kamera, hata kama ni ya kuazima, na ambaye amekwama katika swali moja: nikifuate kitabu mpaka wapi? Nimekuwa nikiandika miswada ya filamu fupi hapa Lamu kwa miaka kadhaa, na mfano nitakaoutumia ni kisa anachokijua kila mwenyeji wa huku, Utendi wa Fumo Liyongo, shujaa wa kale wa pwani, alioutunga Muhamadi Kijumwa mwaka 1913. Nimeuchagua makusudi, kwa kuwa hakuna mtazamaji mkali kama yule aliyekisikia kisa kwa bibi yake kabla hujazaliwa.

Hatua ya kwanza: Hakikisha una haki ya kukitumia kisa

Kwa sheria ya Kenya, kazi ya maandishi hulindwa muda wote wa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kijumwa alifariki mwaka 1945, kwa hiyo beti zake ni huru, ingawa tafsiri na maelezo yaliyoongezwa na mhariri wa siku za karibuni huenda yakawa na mwenyewe. Mtunzi akiwa hai, pata idhini yake kwa maandishi, na umwambie mapema kwamba kuna mambo utakayoyabadilisha.

Hatua ya pili: Soma mara tatu, kisha ukifunge kitabu

Usomaji wa kwanza ni wa kustarehe, wa pili ni wa kalamu, na wa tatu ni wa sauti, ukimsomea mtu asiyekijua kisa. Baada ya hapo kifunge kitabu siku mbili, uandike kwa kumbukumbu tu yale yaliyobaki kichwani. Orodha hiyo ndiyo rasimu yako ya kwanza.

Hatua ya tatu: Tafuta kitovu cha kisa

Liyongo hakuwa akidhuriwa na silaha yoyote ila sindano ya shaba ikichomwa kitovuni, na mimi husema kila kitabu kina mahali kama hapo: ukipagusa, kisa kinakufa, hata kama mwili uliobaki ni mzima. Kazi yako kubwa ni kupajua mahali hapo, kwa sababu huko kwingine una uhuru mpana kuliko unavyodhani.

Nililijua hili kwa aibu. Katika utendi, Liyongo yuko kifungoni na mama yake anamtuma kijakazi Saada ampelekee chakula, lakini walinzi wanakila kila kilicho kizuri. Mama anaoka mkate wa wishwa, yaani pumba, anaificha ndani yake tupa, chombo cha kukerezea chuma, na walinzi wanaudharau mkate huo na kumwachia mfungwa. Usiku Liyongo anawaimbisha watu gungu, wimbo wa ngoma ya kale, na chini ya kishindo cha ngoma na matuazi, visahani vya shaba vya kugonganisha, anaikata minyororo yake. Mimi niliona kwamba tupa ndani ya mkate ingechekesha watu, nikaandika kwamba mama aliwahonga walinzi fedha. Mkate niliubakiza kama pambo.

Tulionyesha kipande hicho Mkunguni, mbele ya Ngome, kwenye shuka iliyofungwa kwa kamba. Kilipomalizika, mzee mmoja wa mtaa wa Langoni aliinuka kwa utaratibu akaniuliza, “Mwanangu, mkate nimeuona. Na tupa i wapi?” Sikuwa na jibu. Hongo yangu ilikuwa imemwondolea mama akili yake, imewaondolea walinzi ulafi na kiburi chao, na imeufanya wimbo wa gungu kuwa burudani tupu isiyo na kazi. Kubadilisha mavazi, kupunguza walinzi hadi wawili, kuhamisha gereza kutoka Pate hadi nyumba ya mawe iliyobomoka nusu huku kwetu, hayo yote mzee hakuyauliza.

Basi jipime hivi: kwa kila jambo unalotaka kuliondoa, jiulize ni mambo mangapi mengine yanayoning'inia juu yake. Likianguka peke yake, liondoe. Likianguka na mama, walinzi na wimbo, lirudishe.

Hatua ya nne: Piga hesabu ya dakika

Kadirio la kawaida la waandishi wa filamu ni kwamba ukurasa mmoja wa mswada huchukua takriban dakika moja. Riwaya ya kurasa 300 haiingii katika saa mbili, na hakuna ujanja wa kuiingiza. Erich von Stroheim alijaribu kuipiga picha riwaya ya McTeague kwa ukamilifu, na filamu aliyoipata, Greed, ilifikia muda wa takriban saa 8. Kampuni iliikatakata hadi saa mbili na ushei kabla ya kuitoa mwaka 1924. Ukikataa kukikata kisa mwenyewe, atakikata mtu asiyekipenda.

Hatua ya tano: Yageuze ya moyoni yawe ya machoni

Hapa ndipo uaminifu wa neno kwa neno unapodanganya zaidi. Kitabu kinaweza kusema kwamba mjane alimkumbuka mumewe kila siku, na sentensi hiyo ikatosha. Kamera haiwezi kupiga picha ya kukumbuka. Katika jaribio langu la mwanzo nilimweka msomaji asome maneno ya mwandishi juu ya uso wa mwigizaji, na watoto wakaondoka mmoja mmoja kwenda kununua viazi karai. Baadaye niliandika upya: makubadhi ya marehemu bado yamo dakani, na kila alfajiri mjane huyapangusa mchanga kabla ya kufungua mlango. Sentensi haimo tena, lakini jambo lake limo, na akina mama waliokuwa wakizungumza walinyamaza.

Hatua ya sita: Amua lugha ya midomoni

Beti za utendi ni za kughaniwa, na mwigizaji akizisema kama mazungumzo atasikika kama mwanafunzi anayejibu mtihani. Ushauri wangu ni kuziacha beti pale zinapoimbwa ndani ya kisa chenyewe, kama katika gungu, na mazungumzo mengine uyaandike kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, kinachosemwa leo, ambamo “liache” ni “liwate”. Kiswahili sanifu kinywani mwa mama yake Liyongo kinamfanya aonekane mgeni nyumbani kwake.

Hatua ya saba: Ongeza, lakini umpelekee mjuzi kwanza

Kuongeza ni kuzito kuliko kupunguza, kwa kuwa aliyepunguza amenyamaza tu, na aliyeongeza ameyatia maneno katika kinywa cha mwingine. Kila nyongeza ninayoifanya sharti isimame juu ya jambo lililomo kitabuni.

Tulipolirudia onyesho la gereza, tupa ikiwa imerudi ndani ya mkate, tulirekodi sauti yake kwa kusugua tupa ya kweli kwenye mnyororo mkuukuu wa nanga, kisha tukailaza chini ya matuazi hata isikike kwa shida. Mwisho wa wimbo niliongeza jambo langu: waimbaji wananyamaza ghafla, na tupa inasikika mara moja zaidi, peke yake. Mlinzi anageuza kichwa. Liyongo anakohoa, na gungu linaanza upya.

Nilimpelekea yule mzee kipande hicho katika simu, nikaketi naye barazani akikitazama mara mbili bila kusema. Kisha akanirudishia simu.

“Hilo halimo,” alisema. “Lakini liwate.”