Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuwaonyesha Wanafunzi Mwendo wa Viumbe vya Seli Moja

Mwalimu wa Bukavu anayetaka wanafunzi wake waone kwa macho yao jinsi viumbe vya seli moja vinavyojisogeza hana budi kuanza maandalizi wiki moja kabla ya kipindi. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha nilikinga maji ya bomba asubuhi ileile ya somo, na darasa likamaliza saa nzima likitazama vumbi, kwani klorini inayotiwa ili maji yanyweke ndiyo inayoviua viumbe tulivyokuwa tukivitafuta.

Yafaa kuteka maji yaliyotuama, pamoja na majani yanayooza na tope jepesi la juu, kutoka kwenye bwawa la samaki au kandokando ya Ziwa Kivu penye matete, mahali ambapo mawimbi hayafiki. Chemsha nyasi kavu, acha maji yake yapoe kabisa, uyachanganye na yale uliyoyateka, kisha uweke chombo kivulini kwa siku 4 hadi 7 bila kukifunga kwa kubana. Bakteria huongezeka kwanza, na paramesiamu, ambao hula bakteria hao, hufuata. Ukiinua chupa kuelekea dirishani utawaona hata bila hadubini, vidoti vyeupe vikipanda na kushuka karibu na uso wa maji.

Sabuni na maji safi viwe mezani kabla ya hadubini yenyewe, na mwanafunzi yeyote asivute maji kwa mdomo, maana kipindupindu si ugonjwa wa kusimuliwa tu katika miji ya ziwa hili. Bakteria wake naye huogelea, kwa mjeledi mmoja, yaani uzi mwembamba wa kujisukumia, ulio kwenye ncha ya mwili, lakini ni mdogo mno kuonekana vizuri kwa hadubini za shule, hivyo kutomwona si ushahidi kwamba hayumo.

Kwa kuwa umeme hukatika bila taarifa, ni busara kuandaa hadubini yenye kioo cha kuakisi mwanga wa mchana, ila kioo hicho kisielekezwe kamwe kwenye jua lenyewe, kwani macho yanaweza kuharibika. Punguza mwanga kuliko unavyodhani inafaa: viumbe hivi ni angavu, na mwanga mwingi huvifuta machoni.

Paramesiamu huhitaji kupunguzwa kasi. Mwili wake umefunikwa na maelfu ya vinyweleo vinavyopiga maji kwa mfuatano kama makasia, na kwa vinyweleo hivyo huenda takriban milimita 1 kwa sekunde huku akijizungusha, kasi inayomtoa haraka nje ya upeo wa lenzi. Tandaza nyuzi chache za pamba kwenye kioo kabla ya kudondosha tone. Akigonga uzi, utamwona akirudi kinyumenyume, akigeuka kidogo, kisha akijaribu upande mwingine, na tendo hilo dogo ndilo wanafunzi wangu huomba kulirudia kuliko jingine lolote. Yuglena, kiumbe wa kijani anayefuata mwanga, mwenye mjeledi unaomvuta kutoka mbele, huandaliwa kwa kufunika nusu ya sahani kwa karatasi nyeusi saa chache kabla, ili wajikusanye upande wenye mwanga.

Wanafunzi waambiwe mapema kwamba lenzi hugeuza picha, kwa hiyo kiumbe kinachoonekana kwenda kulia kwa kweli kinakwenda kushoto. Waambiwe pia kwamba si kila kinachosogea kinajisogeza: tone linapokauka huvuta chembe zote upande mmoja kwa pamoja, ilhali kiumbe hai hukata mkondo, husimama au hubadilisha njia. Tone moja la akiba la kuongezea pembeni huzuia mkanganyiko huo.

Amiba umwache mwisho, na umtengee muda. Weka unywele mmoja chini ya kioo cha kufunikia ili asibanwe, kisha acha vioo vitulie bila kuguswa, kwa sababu akishtuliwa hujikunja kama tonge. Akitulia, ukingo wa mwili wake hujitokeza taratibu, ute wa ndani wenye chembechembe hutiririka kuujaza mguu bandia huo mpya, na sehemu ya nyuma hujikusanya na kufuata. Kusogea urefu wa mwili wake tu huweza kumchukua dakika kadhaa, kwa hiyo pangeni zamu kabla ya kuanza, mwanafunzi mmoja akitazama na mwenzake akichora umbo lake kila baada ya sekunde 30.