Kumwona chewa akiwa hai: kutoka Feri hadi akwariamu ya Durban, mke na mume kwa gari

Nimeuza samaki Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, miaka kumi na tisa, na miaka yote hiyo chewa nimemjua kwa macho, kwa mashavu na kwa uzito wake mkononi. Jicho likiwa angavu na mashavu mekundu, namchukua. Likififia, namwachia mwingine. Lakini sikuwahi kumwona akiogelea. Juni tulifunga safari ya gari, mimi na mume wangu, Baba Zuhura, hadi Durban, Afrika Kusini, na huko ndiko nilikomwona. Naandika kwa mke na mume wenye gari zima na nafasi ya wiki tatu hivi. Safari hii inawezekana, ila akwariamu, nyumba ya kuonyesha samaki hai nyuma ya vioo, ina namna yake ya kuingiwa, na ukiikosea utakuwa umesafiri zaidi ya kilomita 4,000 kwenda kutazama vioo.

Njia kwanza, kwa ufupi. Baba Zuhura aliendesha lori la Zambia kwa miaka mingi, kwa hiyo barabarani amri ilikuwa yake, na amri yenyewe ni moja: jua likizama, gari limelala. Malori yasiyo na taa na ng'ombe barabarani hawana simile. Tulilala Iringa, Mbeya, Mpika, Lusaka, Harare, Musina, kisha Pretoria. Siku ya nane jioni tukaingia Durban. Kote huko gari linakaa kushoto kama kwetu. Tunduma, mpaka wetu na Zambia, na Chirundu, mpaka wa Zambia na Zimbabwe, unamaliza mambo ya nchi zote mbili kituo kimoja. Beitbridge, mpaka wa Zimbabwe na Afrika Kusini, ndiyo ya kuwahi alfajiri.

Makaratasi yapange kwenye bahasha moja: pasipoti, leseni, kadi ya gari, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na bima ya gari ya COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, ile kadi ya njano, ambayo inakufaa Zambia na Zimbabwe. Afrika Kusini haimo kwenye mpango huo. Kama kadi ya gari imeshikwa na benki kwa ajili ya mkopo, au gari ni la shemeji, chukua barua ya mwenye nalo mapema, wiki kadhaa kabla, si siku ya kuondoka. Fedha: badilisha shilingi ukiwa bado Tunduma, weka dola ndogondogo kwa ajili ya Zimbabwe, randi utatoa kwenye ATM ukishavuka Limpopo, mto wa mpakani, na kuingia Afrika Kusini. Za kulipia barabara weka karibu na mkono, maana vizuizi vya malipo kati ya Musina na Durban ni vingi.

Ukivuka Tunduma rudisha saa nyuma kwa saa moja. Hilo litakufaa Durban, kwa sababu mwili wa Dar unaamka mapema kuliko wenyeji, na akwariamu ni ya asubuhi.

Sasa kosa letu. Siku tulipofika tulikuwa tumeendesha karibu kilomita 600 kutoka Pretoria, na mimi kwa hamu yangu nikasema twende hivyohivyo, mizigo ikiwa ndani ya gari. Tukaingia zimebaki dakika chache wafunge. Baba Zuhura macho yalikuwa mekundu, miguu imevimba. Mimi namvuta mkono, njoo uone hiki, njoo uone kile, na yeye anaitikia tu. Tulitoka hatusemeshani. Kesho yake tulilala hadi tulipotosheka, tukapumzika siku nzima, na keshokutwa tukalipa kiingilio mara ya pili. Fedha ile siijutii, lakini wewe usiilipe. Lala Durban usiku mmoja kamili kabla ya kwenda, na siku ya akwariamu isiwe na jambo jingine lolote.

Mahali penyewe ni uShaka Marine World, ufukweni, eneo la Point. Ilifunguliwa 2004 na imepewa jina la Shaka, mfalme wa Wazulu. Sehemu ya samaki imejengwa kwa mfano wa meli kubwa ya mizigo iliyokwama: unashuka ndani ya meli, giza linaingia, chuma kimeota kutu, na vioo vinaanza kuwaka buluu kimoja baada ya kingine. Vaa sweta. Viatu viwe vya kutembelea. Ingia mara tu wanapofungua, kabla mabasi ya shule hayajamwaga watoto. Zima mwanga wa kamera na usigonge kioo. Samaki anakisikia kile kishindo mwilini mwake mwote.

Bahari ile ni hii yetu, Bahari ya Hindi, na hapo ndipo mtu wa Dar anapofaidi kuliko mgeni wa Ulaya. Nilitembea nikitaja majina kama niko mnadani: kolekole, changu, tasi, pono, taa, mkunga. Tofauti ni mwendo. Kolekole wanageuka kundi zima kwa pamoja, kama kisu kinapogeuzwa juani. Mkunga anafungua na kufunga mdomo, watu wanaruka nyuma wakidhani anataka kuuma, kumbe anapumua tu. Pono ana mdomo kama wa kasuku. Anamega matumbawe, na anachotoa nyuma ni mchanga. Sehemu ya mchanga mweupe tunaoukanyaga visiwani imepita tumboni mwa pono. Nimewahi kushika samaki aliyevuliwa kwa baruti, mgongo umelegea mkononi kama kitambaa, na mbele ya yale matumbawe ndipo nilipoelewa kwamba baruti haimuui samaki peke yake, inavunja na nyumba.

Kisha chewa. Alikuwa mkubwa, wa madoa, amesimama karibu na kioo bila kusogea, mapezi ya ubavuni tu yakipepea taratibu. Jicho likageuka likanifuata. Jicho lile nimelikagua maelfu ya mara kwenye meza, halijawahi kunikagua mimi. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, na baadhi yao wakishakua sana hugeuka madume. Wale wakubwa tunaogombania mnadani mara nyingi ndio madume wachache waliobaki. Baba Zuhura akaniuliza, "Mama Zuhura, huyu kilo ngapi?" Nikashindwa kumjibu. Nilikaa hapo hadi akaondoka mwenyewe.

Yeye alipenda papa, wale ambao meno yamechomoza nje hata mdomo ukiwa umefungwa. Wanapita polepole kabisa. Papa hao hupanda juu wakameza hewa, wakaihifadhi tumboni ili wasizame, na yeye alisubiri hadi akamwona mmoja akipanda. Hivyo ndivyo ninavyowashauri wawili mnaokwenda: msiburuzane. Kila mmoja achague kioo chake, akae nusu saa, kisha amwite mwenzake amwonyeshe alichokigundua. Sisi tumeoana muda mrefu, na sikuwa nimemsikia akinieleza jambo kwa furaha ile tangu alipoacha lori.

Pengwini wa Afrika msiwapite. Hukaa jozi, na jozi hurudiana mwaka hadi mwaka. Tangu 2024 wamo kwenye orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka. Onyesho la pomboo tuliliona, wanaruka vizuri. Moyo wangu lakini uko kwa wale wa baharini Kizimkazi, Zanzibar, wanaokuja wakitaka na kuondoka wakitaka. Waulizeni wafanyakazi kuhusu kasa. Pale hutibiwa kasa waliookotwa ufukweni wakiwa wagonjwa, kisha hurudishwa baharini. Anzeni kwa "Sawubona", salamu ya Kizulu, na mkihudumiwa semeni "Ngiyabonga", yaani asante. Mlango unafunguka tofauti.

Mkitoka mtakuwa na njaa. Kuleni bunny chow, chakula cha Wahindi wa Durban: mkate unatobolewa kati, unajazwa mchuzi wa nyama au maharage. Mmoja unatosha wawili. Samaki siku ile sikula.

Kurudi, ondokeni alfajiri. Mlimani Van Reenen, kwenye njia ya kutoka Durban, mwezi wa Juni kuna baridi ya kuuma na ukungu, na malori yanapanda kwa mwendo wa jongoo. Makoti yasiwe kwenye buti. Yawekeni kiti cha nyuma, na chai ya chupa iwe miguuni kwa asiyeendesha.