Kupanda Dragon's Back, Hong Kong, kwa treni na basi

Dragon's Back, yaani Mgongo wa Joka, ni kigongo cha milima kusini-mashariki mwa Kisiwa cha Hong Kong. Unaupanda kutoka barabarani, unatembea juu yake huku ukiiona bahari kulia na kushoto, kisha unashukia ufukweni. Huhitaji gari. Kusema kweli gari lingekuwa mzigo, kwa sababu unaanzia mahali pamoja na kumalizia pengine.

Njia hii ni sehemu ya 8, ambayo ni ya mwisho, ya Hong Kong Trail yenye urefu wa kilomita 50. Sehemu yenyewe ina kilomita 8.5, na kwa mwendo wa kawaida itakuchukua karibu saa tatu bila mapumziko. Anzia To Tei Wan umalizie ufukwe wa Tai Long Wan. Kituo cha To Tei Wan tayari kiko mlimani, kwa hiyo basi limeshakupandisha sehemu ya mwinuko. Ukianzia ufukweni, utaupanda mwinuko huo wote kwa miguu yako.

Panda treni ya MTR, Island Line, hadi Shau Kei Wan, utoke kwa mlango A3, kisha upande basi namba 9 la kwenda Shek O. Angalia namba vizuri: basi la 14 hupita barabara hiyo hiyo mwanzoni, halafu hukata kwenda Stanley. Kadi ya Octopus, yaani kadi ya kulipia nauli, ndiyo rahisi zaidi. Ukilipa kwa fedha taslimu uwe na kiasi kamili, maana harudishiwi mtu chenji. Baada ya kama dakika ishirini, bonyeza kengele mara jina la To Tei Wan litakapotajwa. Wikendi wengi hushuka hapo. Siku za kazi huenda ukawa peke yako na kituo kikakupita.

Ngazi zinaanza karibu na kituo, penye ubao wa ramani. Nusu saa ya kwanza ni ya kupanda tu. Panda polepole, kwani wanaokimbia hapa ndio wanaokwama juani baadaye. Kwenye njia panda fuata bango la Dragon's Back, usichukue ile njia tambarare inayozunguka ubavuni mwa mlima.

Kigongoni, kati ya Shek O Peak (mita 284) na Wan Cham Shan, njia inapanda na kushuka kama mgongo wa mnyama, na hapo ndipo jina lilipotoka. Upande mmoja unaona ghuba ya Tai Tam, upande wa pili kijiji cha Shek O, na kisiwa cha Tung Lung baharini. Hakuna kivuli, vichaka vinafika kifuani tu, wala hakuna pa kununua maji. Beba lita mbili kwa kila mtu, na kofia yenye kamba, kwa kuwa upepo huchukua ile isiyofungwa.

Ajali nyingi ndogo hutokea wakati wa kushuka. Juu ya mwamba hutanda changarawe nyembamba inayoviringika chini ya kiatu kama punje za mtama. Ukiegemea nyuma na kutanguliza kisigino, mguu unateleza na unakaa chini bila kupenda. Piga hatua fupi, kunja magoti, weka wayo wote kwa pamoja. Viatu vyenye soli ya meno vinatosha; si lazima viwe buti.

Baada ya kigongo unaingia msituni ubavuni mwa Mount Collinson. Hapo ni tambarare na kuna kivuli, na ndipo watu hupotea kwa kuzubaa. Penye njia panda fuata mabango ya Tai Long Wan. Ukipinda kuelekea Siu Sai Wan utaishia mjini badala ya baharini. Simu nayo inadanganya: kuna Tai Long Wan nyingine huko Sai Kung, mbali kabisa. Kwenye ramani tafuta jina la Kiingereza la ufukwe wako, Big Wave Bay, iliyo jirani na Shek O.

Kila mita 500 kuna nguzo yenye herufi H na namba. Ipige picha kila unapoipita. Ukipatwa na dharura, piga 999 uwatajie namba hiyo nao watajua ulipo.

Msimu mzuri ni Oktoba hadi Machi. Kiangazi uwe umeanza kabla ya saa mbili asubuhi, na uangalie tangazo la idara ya hali ya hewa kabla ya kutoka. Ishara ya tufani namba 3 maana yake ni upepo wa kilomita 41 hadi 62 kwa saa, na kigongoni hakuna pa kujikinga. Ikipanda hadi 8, mabasi nayo huanza kusimama. Radi zikitajwa, ahirisha.

Beba mfuko wa taka. Mapipa ya njiani yameondolewa tangu 2017.

Ufukweni kuna vyumba vya kubadilishia nguo na bafu. Kwa kurudi, tembea barabarani hadi Shek O, kama nusu saa, upande basi la 9 pale linapoanzia. Jumapili jioni linajaa hapo hapo, na anayelisubiri katikati ya njia huliona likimpita.